Ukoo Mzima, Basi Moja: Mwongozo wa Kuizunguka Ireland Wakati wa Baridi

Anzeni na saa. Tarehe 21 Desemba jua la Dublin huchomoza saa 2:38 asubuhi na kuchwa saa 10:08 jioni. Huo ndio mchana wote mliopewa, saa saba na nusu, na ndani yake mnataka kuingiza majabali ya bahari, kaburi la kale, mji wa bandari, chakula cha mchana, vyoo vinne na shangazi ambaye tangu apate akili hajatoka nyumbani bila kurudi ndani kuangalia kama amezima jiko. Basi la kwenda pwani ya magharibi huondoka Dublin kama saa moja asubuhi, na saa moja asubuhi ya Desemba kule ni usiku kamili: taa za barabarani zinawaka na lami inang'aa kwa mvua. Atakayechelewa ataachwa. Madereva wa kule ni wapole. Watawasubiri dakika tano, kisha watafunga mlango kwa upole uleule.

Kwa hiyo msafara uwe na kiongozi mmoja. Asiwe mkubwa wa ukoo, maana mkubwa akichelewa hakuna wa kumwambia. Asiwe kijana, maana hatasikilizwa. Mchagueni shemeji, yule aliyeoa kwenu: ana heshima ya kutosha kusikilizwa na ugeni wa kutosha kumzuia asigombane na mtu. Mpeni orodha ya majina na mamlaka ya kuhesabu vichwa kila mnapopanda. Ahesabu kwa kutaja jina, kila mtu aitike. Akihesabu kwa kidole atamhesabu Mjapani wa safu ya sita na kumwacha mjomba msalani.

Na msiwadanganye watu saa. Najua kuna wanaotangaza kwamba basi linaondoka saa kumi na mbili na nusu, kumbe ni saa moja. Hila hiyo hufaa asubuhi moja tu. Asubuhi ya pili kila mtu ameshapiga hesabu zake na anachelewa vilevile. Dawa ya uhakika ni bibi. Teksi ya kwanza imchukue bibi. Bibi akishakaa kituoni saa kumi na mbili na nusu, mkoba mapajani, hakuna mjukuu atakayekubali kufika nyuma yake na kumwamkia mbele ya watu huku anahema.

Mtaulizwa kwa nini msingoje Julai. Julai Ireland ni nzuri na kila mtu anajua, kwa hiyo kila mtu yupo. Tena katikati ya mwaka mchana wa kule ni wa saa kumi na saba, na katika mchana mrefu namna hiyo ndugu hutawanyika: huyu yuko dukani, yule ufukweni, vijana hawaonekani mpaka saa nne za usiku. Baridi huwarudisha. Nje kuna nyuzi tano au sita za Selsiasi na mvua inayopiga kwa pembeni, ndani kuna joto, viti na watu wa damu yako. Ukoo ambao nusu uko Mombasa na nusu umegawana Leicester, Muscat na Toronto hauna mahali pengi pa kukaa pamoja saa kumi na mbili bila mtu kuaga kwa sababu ya kazi. Harusini mnaonana kwa mbali, msibani mnalia. Ndani ya basi la watalii mwezi wa Desemba au Januari hakuna pa kwenda. Ndiyo maana napendekeza safari hii kwa moyo wote, na ndiyo maana napendekeza basi la watu wote, lenye wageni ndani yake, kuliko kukodi dogo la kwenu peke yenu. Ndugu zetu wana adabu nzuri sana mbele ya wageni.

Wanaoogopa theluji waambiwe watulie. Mkondo wa maji ya vuguvugu wa Atlantiki huipa nchi ile baridi ya unyevu zaidi kuliko baridi ya barafu, na theluji ya kulala chini ni nadra sehemu za tambarare. Adui ni maji na upepo. Jinzi ikilowa asubuhi italowa mpaka usiku, basi iacheni hotelini. Vaeni nguo nyembamba nyingi badala ya moja nene, na juu kabisa koti lisilopitisha maji lenye kofia iliyoshonwa humohumo. Mwavuli ni mzigo, utageuka ndani nje kabla hamjafika kwenye majabali. Viatu viwe vya kufunga kamba, vyenye soli ya kushika. Akina mama wanajua jambo ambalo maduka ya mavazi ya baridi hayajalijua: khanga iliyokunjwa mara mbili na kufungwa kiunoni chini ya koti hushika joto la mgongo siku nzima, na ikihitajika inakuwa mto, pazia la kumbadilishia mtoto nguo, kitambaa cha kufutia kioo cha dirisha kilichojaa mvuke, au mswala. Kila mtu abebe khanga, wanaume wakiwemo.

Makaratasi sasa, na hapa nawaomba msome polepole. Jamhuri ya Ireland imo katika Umoja wa Ulaya lakini haimo katika Schengen. Viza ya Schengen aliyopewa mjomba kwa ajili ya Berlin haimwingizi Dublin. Viza ya Uingereza nayo haimwingizi mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda. Anahitaji viza ya Ireland yenyewe, na aiombe mapema. Lakini mtego wenyewe uko barabarani. Ziara nyingi za siku moja kutoka Dublin huenda Giant's Causeway, kwenye nguzo za mawe meusi zinazokadiriwa kuwa 40,000, na mahali hapo pako County Antrim, Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Njiani hakuna geti, hakuna askari, hakuna kamba. Utajua mmevuka kwa sababu vibao vya mwendo vimetoka kwenye kilomita na kuingia kwenye maili. Kukosekana kwa geti si ruhusa. Bibi mwenye viza ya Ireland pekee akivuka amevunja sheria ya uhamiaji ya nchi nyingine akiwa usingizini, na mabasi yanayorudi kusini hukaguliwa mara nyingine. Katika ukoo wenye pasipoti za rangi nne, hamtakuwa mmefanya haki kuwapeleka wenye pasipoti zinazoruhusiwa kwenye nguzo za mawe na kumwacha bibi hotelini na runinga. Acheni kaskazini. Nendeni magharibi wote.

Viti vigaweni usiku wa kuamkia safari, kwa maandishi. Ireland huendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo dereva yuko kulia na safu ya mbele kushoto ndiyo yenye madirisha mawili, la mbele na la ubavuni. Hiyo ni ya bibi, na pembeni yake akae mjukuu mwenye subira, asiwe yule anayependwa kuliko wote. Mtoto anayetapika akae safu ya pili, apewe kipande cha tangawizi atafune. Vijana waende nyuma, wataenda hata msipowaambia. Shangazi mwenye chupa ya chai akae katikati kabisa ya basi. Akikaa mbele, wa nyuma hawatapata chai. Akikaa nyuma, kila kikombe kitapita juu ya vichwa vya Wajerumani. Na ndugu wawili wenye kesi ya shamba, kila ukoo unao, wakae mmoja nyuma ya mwingine: watasikiana bila kuonana, na mtu ni vigumu kugombana na kisogo kwa saa kumi na mbili. Mkishagawa msibadilishe. Wapo wanaodai kuzunguka viti ndiyo haki. Nimeona kuzunguka viti kukila dakika kumi na tano za mwanga wa jua pale ambapo mwanga wenyewe ulikuwa umebaki wa saa mbili.

Mizigo mikubwa iende buti. Juu ya mapaja kibaki kimfuko kimoja chenye dawa, soksi kavu na kitafunio. Visheti na kashata husafiri vizuri. Samaki wa kupaka, hata akifungwa vipi, asiingie.

Kabla ya kituo cha kwanza mjue jambo moja kuhusu mtu aliyeshika usukani. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka dereva wa basi apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na kwa siku asiendeshe zaidi ya saa tisa, ila mara mbili kwa wiki anaweza kufikisha kumi. Kuna kifaa ndani ya basi kinachorekodi kila dakika ya mwendo na ya kusimama. Kwa hiyo mnaposimama mahali ambapo nyinyi hamkuona sababu ya kusimama, sababu ipo. Na mnapoomba aongeze nusu saa kwenye majabali kwa sababu mama mdogo hajapiga picha ya kutosha, mnamwomba aikate nusu hiyo kwenye mapumziko yake au kwenye leseni yake. Msimwombe.

Kituo chenyewe, kama mmepita barabara kuu ya M7, huenda kikawa Barack Obama Plaza. Ndiyo, jina hilohilo, limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kituo cha mafuta na migahawa karibu na kijiji cha Moneygall, kilichofunguliwa 2014. Hapo shemeji yenu kutoka Siaya atashuka wa kwanza, na mumpishe. Mwaka 1850 kijana wa Moneygall aitwaye Falmouth Kearney alipanda meli kwenda Marekani wakati wa njaa kuu iliyoanza 1845, yalipooza mazao ya viazi, ikaua watu kama milioni moja na kuwatoa nchini wengine zaidi ya milioni. Rais wa zamani Obama ni kilembwekeza chake upande wa mama. Upande wa baba ni mtu wa Kogelo, huko Siaya. Tarehe 23 Mei 2011 alikuja Moneygall na mkewe, akaingia baa ya kijiji, akasalimiana na jamaa zake wa mbali. Ghorofani kwenye kituo kuna maonyesho ya habari hizo. Wapeni watoto dakika ishirini huko juu kabla ya vibanzi. Mtoto aliyezaliwa Toronto na bibi wa Mombasa ana sababu nzuri ya kuona kwamba nasaba inaweza kuanza kwenye kijiji cha njia moja na kijiji cha Nyanza kwa wakati mmoja, na kwamba watu wa vijiji vyote viwili wanajivuna.

Kituoni hapo kila mtu aende msalani, anayetaka na asiyetaka. Mabasi mengi ya safari ya siku moja hayana choo, au yanacho na kimefungwa. Kauli ya "mimi sina haja" ikomeshwe na shemeji kwa mamlaka aliyopewa.

Chai ya Ireland itawafurahisha. Ni watu wanaokunywa chai kuliko karibu taifa lolote duniani, wanaipenda nzito, na sehemu kubwa ya majani yao hutoka Afrika Mashariki. Barry's Tea ya Cork, iliyoanza 1901, huchanganya majani ya Kenya na Rwanda na ya Assam. Shangazi ataonja, atanyamaza, kisha atasema hii ni ya kwetu imekosa tangawizi. Ana haki. Maziwa hutiwa baridi mezani, hayachemshwi pamoja na majani. Ombeni maji ya moto mjaze chupa yenu na kumwachia yeye kazi iliyobaki, hasa kwa kuwa iliki anayo kwenye mkoba.

Majabali ya Moher, Cliffs of Moher, yanasimama mita 214 juu ya Atlantiki pale yalipo juu kabisa, karibu na mnara uliojengwa 1835. Wakati wa baridi upepo wa pale hauvumi, unasukuma. Tembeeni wawili wawili, mkubwa na mdogo, mkono ndani ya mkono, ndani ya njia iliyozungushiwa kuta za mawe. Wakisema njia imefungwa kwa ajili ya upepo, imefungwa. Ndege wenye midomo ya rangi wanaoonekana kwenye kadi za posta hawapo, huja majira ya kuchipua na kuondoka kiangazi, kwa hiyo msimwahidi mtoto. Bibi akitazama upepo huo kupitia kioo cha basi na kusema ameshaona, ameshaona. Msimbembeleze. Jengo la wageni limechimbwa ndani ya kilima, lina joto, lina viti na lina mkahawa. Mmoja akae naye, na awe wa kukaa kweli, asikae huku anatazama mlango.

Hapo pia ndipo mahali pazuri pa sala kwa wanaosali. Siku hizo adhuhuri huingia kama saa sita na nusu mchana, alasiri saa nane, magharibi saa kumi na dakika chache, maana yake ukisubiri kituo kinachofuata umeshakosa moja. Msafiri ana ruhusa yake ya kukusanya na kupunguza, aitumie. Chagueni kona kavu iliyokingwa na upepo, mtandike khanga, msali kwa zamu ili watoto wasibaki peke yao. Katika chakula ulizeni maswali mawili bila haya: supu nzito ya samaki ina vipande vya nyama ya nguruwe? Mchuzi wa ng'ombe umepikwa kwa bia? Mara nyingi jibu la moja kati ya hayo ni ndiyo, na mhudumu hatachukia kuulizwa. Supu ya mboga na mkate wa kahawia wenye siagi havina kesi na watu wote, Wakristo na Waislamu, humaliza sahani.

Baada ya majabali barabara huingia Burren, na hapa ndipo nisipotaka mtu alale. Amsheni wote. Nje ya dirisha vilima vimevuliwa udongo, vimebaki mawe ya chokaa ya kijivu yaliyopasukapasuka, ngazi juu ya ngazi, na juu kabisa, mahali ambapo mfugaji yeyote wa Kajiado angesema hapana majani, mtaona ng'ombe. Wamepelekwa huko makusudi. Sehemu nyingi za Ulaya wafugaji huteremsha mifugo bondeni baridi inapoanza. Burren hufanya kinyume. Mwezi wa Oktoba ng'ombe hupandishwa kilimani na kuachwa huko mpaka majira ya kuchipua. Mawe yale yamekunywa joto la kiangazi chote na huliachia kidogo kidogo wakati wa baridi, maji ya mvua hupenya kwenye nyufa badala ya kutuama, kwa hiyo mnyama hulala pakavu, na nyasi zilizobaki zina madini ya chokaa ya kujenga mifupa. Ng'ombe nao hulipa. Wanakula majani makavu ambayo yangezima mimea midogo, na ndiyo sababu kilima kile kile mwezi wa Mei hujaa maua ya buluu ambayo watu husafiri kwenda kuyaona. Utaratibu huu ni wa kale sana. Wanaokuja Mei huyaona maua bila kumwona aliyeyaotesha. Nyinyi mmekuja Januari, mnamwona amesimama juu ya jiwe, manyoya yamelowa, mvuke unamtoka puani, anatafuna. Mnyamazishe kila simu kwa dakika hizo kumi.

Chini ya vilima, mtaona maziwa ambayo kiangazi hayakuwepo. Maji hupanda kutoka ardhini kwa matundu ya chokaa mvua zikizidi, yakafunika malisho na nguzo za ua, kisha hurudi chini yenyewe. Katika moja ya maji hayo, Coole Park karibu na Gort, mabata maji weupe kutoka Iceland huja kukaa msimu wa baridi. Na kama basi lenu hupitia Poulnabrone, shukeni hata kama kunanyesha. Ni kaburi la mawe la zaidi ya miaka 5,000. Wachimbaji walipolifungua katika miaka ya 1980 walikuta mabaki ya watu zaidi ya 30, wakubwa na watoto, waliozikwa humo kwa karne nyingi. Ukoo mwingine huo. Simameni dakika tano, mwombe kwa dini zenu, mpande basi.

Galway mtafika jioni, giza likishaingia. Muda ni saa moja au zaidi kidogo, na vijana watataka kwenda zao. Waruhusuni, kwa sharti la mahali pa kukutania panapojulikana na kila mpita njia: Spanish Arch, tao la mawe la 1584 kando ya mto. Waambieni dakika za kurudi, si saa. Kabla ya Krismasi uwanja wa Eyre Square huwa na soko la sikukuu, na hapo ndipo wifi zenu watapotea wala si vijana.

Wenye siku nyingi waende Kerry. Sitawachosha na mandhari ya huko, mtayaona, ila karibu na Tralee kuna ufuko uitwao Banna Strand, na ndugu zetu wa Lubumbashi na Kisangani wana haki ya kuomba basi lisimame. Hapo ndipo Aprili 1916 aliteremka Roger Casement kutoka nyambizi ya Kijerumani, kwenye mapambano ya uhuru wa Ireland, akakamatwa siku hiyohiyo na kunyongwa London mwezi wa Agosti. Miaka kumi na miwili kabla yake, mtu huyo ndiye aliyeandika ripoti ya 1904 iliyoianikia dunia mateso ya watu wa Kongo katika biashara ya mpira chini ya Mfalme Leopold. Kuna mnara wa kumbukumbu. Wekeni ua. Na kama mko Kerry au Cork tarehe 6 Januari, ni sikukuu ya wanawake kwa desturi ya huko: akina mama hutoka kwenda kustarehe, wanaume hubaki na vyombo. Siku hiyo mjomba ndiye abebe chupa ya chai.

Newgrange, kilima cha kaburi la kale, ina siku yake, kaskazini ya Dublin, na tiketi zikatwe mapema kwa sababu huingii ila kwa mabasi madogo ya kituo chao. Kilima hicho kilijengwa kama miaka 3200 kabla ya Kristo, karne nyingi kabla ya piramidi za Giza. Katika asubuhi chache zinazozunguka tarehe 21 Desemba, mwanga wa jua linalochomoza hupenya tundu lililo juu ya mlango, ukatambaa ndani ya njia ya mita 19 na kukiangaza chumba cha ndani kwa dakika 17. Mwanaakiolojia Michael O'Kelly aliushuhudia mwaka 1967, na siku hizi watu kwa maelfu hupigiwa kura ili wachache wasimame humo. Nyinyi mtaonyeshwa kwa taa ya umeme, na taa inatosha: mwongozaji anapozima kila kitu na giza likawafunika, mtamsikia kila mtu wa kwenu anavyovuta pumzi, kisha mstari wa mwanga unatokea sakafuni. Njia ni nyembamba na ya kuinama. Wenye magoti mabovu na wanaoogopa kubanwa wabaki nje bila kuelezwa kuwa ni waoga.

Dhoruba msizichezee. Idara ya hali ya hewa ya Ireland, Met Éireann, hutoa maonyo ya rangi tatu: njano, chungwa na nyekundu. Njano endeleeni kwa uangalifu, chungwa mpigieni simu mwenye basi, nyekundu hakuna basi, na msimtafute dereva mwingine atakayekubali. Tarehe 24 Januari 2025 dhoruba ya Éowyn ilipiga Mace Head, pwani ya Galway, kwa upepo wa zaidi ya kilomita 180 kwa saa, rekodi ya nchi. Acheni siku moja tupu kati ya safari ya basi na ndege ya kurudi.

Kutoka Galway hadi Dublin ni kama saa mbili na nusu, gizani, na haya ndiyo yaliyowatoa nyumbani. Taa za ndani huzimwa. Nje hakuna cha kuona. Dereva akiwaomba wageni waimbe, na huomba, ukoo wenu uwe na wimbo mmoja ambao wote mnaujua ubeti wa pili, muimbe, mpigiwe makofi, yaishe. Halafu mjukuu mwenye subira amgeukie bibi na kumuuliza swali. Lisiwe "bibi tuhadithie", kwa maana bibi atasema hana hadithi. Liwe swali lenye pembe: nyumba ya Kuze kule Mombasa ilijengwa na nani? Nani alipika siku ya harusi yako? Ndugu yako aliyekwenda Muscat aliondoka kwa chombo gani, na nani alimsindikiza? Atajibu. Safu ya pili itasogea mbele, ya nne itauliza kasema nini, na mtoto wa Toronto atafasiriwa na binamu yake kwa kunong'ona. Mmoja awashe kinasa sauti cha simu na kukiweka juu ya goti la bibi, kwa ruhusa yake. Akitaja jina ambalo wale wenye kesi ya shamba hawakulijua, aulizwe alizaa na nani. Msimkatize kumsahihisha mwaka. Miaka mtaitafuta baadaye. Majina hayapatikani kokote kwingine.

Dublin mkifika, bahasha ya dereva iwe imeshakusanywa. Si lazima kwa sheria, lakini mtu aliyewaendesha kutwa kwenye barabara nyembamba zenye mvua anastahili, na aitoe bibi kwa mkono wake. Watu wa Ireland humshukuru dereva kila wanaposhuka, hata kwenye basi la mtaani, kwa hiyo kila mtu wa kwenu afanye hivyo mlangoni, kuanzia bibi hadi mtoto wa mwisho, kwa Kiswahili kama Kiingereza kimemponyoka. Shemeji asimame chini ahesabu kwa majina. Kisha ahesabu na chupa ya chai.